Siku Tatu Kisiwani kwa Bei ya Kutiliwa Shaka

Kazini walimwita Eksirei, na jina lilimkaa kama gauni la kupimwa. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye stuli ndefu mlangoni mwa duka kubwa la vyakula na kukagua risiti za wanaotoka. Wakaguzi wengine hutupia karatasi jicho, wakapiga alama ya kalamu, wakasema karibu tena. Yeye alinyanyua mfuko kwanza. Mkono wake ulijua uzito wa unga, wa sukari, wa sabuni ya mche, na mfuko ukiizidi risiti alitabasamu. Vibaka wa mtaa ule hawakumwogopa askari, waliliogopa lile tabasamu. Aliwahi kukuta nyembe ndani ya pakiti ya nepi, na betri ndani ya mkate uliotobolewa kitako. Siku moja bwana mmoja wa suti alipita akichechemea, Eksirei akamuuliza kwa huruma, "Pole baba, mguu umevimba lini?" Ndani ya soksi mlikuwa na jibini.

Ubaya wa kazi ya namna hiyo ni kwamba haikubali kubaki kazini. Muuza nyanya akimwongezea moja ya bure, Eksirei aliigeuzageuza kutafuta palipooza. Jirani akimwamkia mara mbili kwa siku moja, alijiuliza anataka kukopa nini. Mwenyewe alisema ugonjwa huo aliambukizwa na mume wake, yule aliyeaga kwamba anakwenda kutafuta maisha, akayapata, ila kwa mwanamke mwingine. Waliocheza naye utotoni wanasema si kweli. Wanasema hata akipewa andazi alilipasua kwanza aone ndani.

Katika ukoo mzima alikuwa amebakiwa na mtu mmoja wa kukaa naye na kucheka: wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake. Wifi alikuwa msusi, mwenye saluni ya chumba kimoja mtaa wa pili, mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kaka alipofariki ndugu wengine walitawanyika, kila mtu na lake, lakini wao wawili walizidi kushikamana. Kila Jumapili Eksirei alikwenda saluni ikiwa imefungwa, akakaa sakafuni kati ya magoti ya wifi, akasukwa bure na kutukanwa kwa mapenzi.

"Nywele ngumu kama roho yako," wifi alisema, na kichana kikalia kreee.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha Eksirei raha, na hakulitamka kwa mtu. Kaka hayupo tena. Huyu mwanamke hana deni lolote la kuwa wifi yake. Akitokea mtu akamwoa, atapata wakwe wapya, shemeji wapya, Jumapili mpya. Na yeye Eksirei atabaki na nani? Na muuza nyanya? Wazo hilo likimjia alilifukuza, na lenyewe likarudi kwa mlango wa nyuma.

Basi Jumapili moja, wifi akiwa amefika nusu ya kichwa, akasema, "Wifi, twende kisiwani."

Kisiwa chenyewe walikiona kila siku. Ukipanda juu ya paa la duka kuanika madekio, kile pale, kijani kibichi katikati ya maji, na boti zinakwenda na kurudi. Watu wa mbali walipanda ndege kuja kukipiga picha. Wao wawili walikuwa wamezeeka wakikitazama kama watu watazamavyo keki kwenye kioo cha dukani.

"Umeokota pesa wapi?" Eksirei akauliza.

"Sijaokota. Nimepiga hesabu. Siku tatu, tunalala mara mbili, shule zikifungwa. Tunakizunguka chote, tunarudi." Wifi akaanza kuhesabu kwa kumgonga kichwani na kichana. Kivuko cha asubuhi, siti za chini kwa sababu za juu ni za watalii wenye kofia. Gari la kuwazungusha. Gesti upande wa pili wa kisiwa, chumba chenye choo ndani. Kiingilio cha mnara wa taa, cha maporomoko na cha pango la popo. Mkate na mayai ya kuchemsha wabebe wenyewe, wanunue chakula cha moto mara moja kwa siku. Halafu za dharura kidogo, mtu akiteleza kwenye maporomoko. Kisha akataja jumla.

Eksirei akageuka ghafla, nywele zake zikiwa bado mkononi mwa wifi.

"Yalaa!"

"Si utulie!"

"Hiyo ni ya kwenda tu, au na kurudi?"

"Ni ya kila kitu. Wewe lete nusu yako."

Msuko wa mwisho ulipokwisha, Eksirei akaaga. Njiani kurudi machale yakamcheza. Pesa ile isingetosha hata gari peke yake. Mwizi wa kawaida anaongeza bei, akakata chake, mambo yakaisha, huyo unamjua. Anayepunguza je? Anayepunguza ana lake jambo, tena kubwa. Hapa pana namna, akajisemea, na akasikia haya kidogo kwamba anamsema wifi yake. Haya hiyo haikumzuia.

Akaanza na gari. Lilikuwa gari la shule, la kubeba watoto wa chekechea, na kwa kuwa shule zingekuwa zimefungwa dereva alikuwa huru. Watoto walimwita Anko Taratibu. Alikuwa pande la mtu, mpole, anayeongea kana kwamba kila neno limelala na yeye hataki kuliamsha. Eksirei alimfuata kwenye maegesho nyuma ya shule akamuuliza anataka kiasi gani kwa siku tatu.

"Mafuta tu, dada. Na nauli ya gari kwenye kivuko. Chakula nitakula mnachokula."

"Na faida yako?"

Dereva akatazama viatu vyake. "Nami nitakuwa nimetembea."

Mwanamume gani anazungusha wanawake wawili kisiwa kizima kwa mafuta na yai la kuchemsha? Eksirei alirudi kazini akanyanyua mifuko ya watu siku nzima bila kuisikia. Akakumbuka kwamba wiki ile ile alimwona mtu huyo akishusha madumu ya maji nyuma ya saluni. Akaunga hili na lile, akapata jibu: magendo. Huyu bwana ana mzigo wa kuvusha, na hakuna anayepekua gari lenye mama wawili watu wazima na picha za vipepeo ubavuni. Wao ndio watakaokuwa kofia ya mzigo. Na wifi, ama amedanganywa, ama amekula njama.

Siku ya pili akaenda tena pale maegesho wakati dereva anakunywa chai. Mlango wa gari haukufungwa kwa ufunguo, jambo ambalo nalo lilimtia shaka. Akaingia, akapiga magoti, akapekua chini ya viti kimoja kimoja kwa ufundi wake wote. Alikuta penseli za rangi, kiatu kimoja cha mtoto, na biskuti iliyogeuka jiwe. Alikuwa ameingiza mkono mpaka begani kwenye siti ya mwisho aliposikia sauti nyuma yake.

"Umepoteza kitu, dada?"

Eksirei akatoka kinyumenyume, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Naangalia mikanda. Mimi bila mkanda sisafiri."

Mtu mwingine angecheka, au angefoka. Huyu akaingia garini, akamwonyesha mkanda wa kila siti, mmoja baada ya mwingine, unavyovutwa, unavyobana, unavyoachia. Akamwambia ule wa siti ya tatu unakwama kidogo, atautia mafuta kabla ya safari. Eksirei akashukuru na kuondoka, akimshuku zaidi. Mtu asiyekasirika anapopekuliwa, akajiambia, amezoea kupekuliwa.

Ikabaki gesti. Namba aliipata kwa wifi mwenyewe, kwa kisingizio cha kutaka kujua kama kuna chandarua. Simu yake ilikuwa ya laini mbili, na spika yake ilipiga kelele hadharani utake usitake, kwa hiyo alijifungia bafuni. Hakutaka kujitambulisha. Kazi ilimfundisha kwamba anayejulikana haambiwi kweli.

"Haloo, gesti? Mimi ni mwalimu. Wa jiografia."

"Karibu sana mwalimu," ikajibu sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyezoea wageni wanaoondoka na taulo. "Unakuja na wanafunzi?"

"Nakuja na... ramani. Nauliza bei ya chumba."

Bei aliyotajiwa ilikaribia kuwa mara mbili ya ile ya wifi. Eksirei akakaa kwenye ukingo wa ndoo. Lakini huenda hii ni bei ya maneno tu. Aliwajua wauzaji: mpaka waamini unanunua, hawashuki. Kwa hiyo mwalimu wa jiografia akashika vyumba viwili, tarehe zile zile, na kuahidi kutuma pesa. Bei haikushuka hata kidogo.

Siku chache baadaye akarudi bafuni na laini ya pili, amebana pua. Safari hii alikuwa mama wa bi harusi.

"Bei imepanda kidogo, mama," ile sauti kavu ikasema. "Nina vyumba vinne tu. Kuna mwalimu mmoja ameshika viwili."

Kwa muda mfupi Eksirei alimchukia sana huyo mwalimu. Kisha akakumbuka. Hata hivyo hakurudi nyuma, maana kiburi cha mtu anayechunguza hakina breki. Akashika viwili vilivyobaki. Sasa alikuwa na ushahidi: gesti ni ghali, gari ni la bure, na wifi anataja bei ya kuokota. Aliamua Jumapili atamweka wifi kitako na kumuuliza ana kwa ana.

Wifi hakusubiri Jumapili. Jumamosi mchana, Eksirei akiwa nyumbani siku yake ya mapumziko, anakunja nguo mezani, mlango ukafunguka na wifi akaingia bila hodi, akajitupa kwenye kiti.

"Safari imekufa," akasema.

"Imekufaje?"

"Gesti imejaa. Ile bei niliyokuambia tulipewa kwa upendeleo, tukaambiwa tuthibitishe. Mimi nikasema hapana, nangoja wifi yangu aseme ndiyo kwa mdomo wake. Wewe siku zote unazungusha maneno. Leo napiga, naambiwa wamekuja wageni wa bei kamili, wamezoa vyumba vyote. Mwalimu sijui wa nini, na mama mmoja ana harusi." Akajipepea kwa mkono. "Mwenye gesti naye analalamika, hawajatuma hata senti. Anasema anawapigia leo, asiyelipa anafutwa. Tuombe Mungu wawe matapeli."

Eksirei alihisi masikio yanapata moto. Simu ilikuwa mezani, kati ya mashuka na taulo. Kabla hajanyoosha mkono ikaanza kuita, na kwenye kioo maandishi yakasomeka wazi kabisa: GESTI YA KISIWANI.

Wifi aliyatazama. Akamtazama yeye. Akaichukua na kuibonyeza.

"Haloo, mwalimu?" ile sauti kavu ikajaa chumbani. "Usipotuma pesa leo, vyumba navifuta."

"Mwalimu ametoka," wifi akasema polepole, akakata.

Hawakupata nafasi ya kusema neno. Simu ikaita tena, laini ya pili.

"Haloo, mama bi harusi?"

"Bi harusi ameghairi," akasema wifi. Akakata, akaiweka simu mezani kwa adabu nyingi, kama kitu cha watu.

Eksirei angependa apigiwe kelele. Kelele angezijibu. Wifi alikaa tu, mikono mapajani, ile mikono ambayo haikuwahi kutulia.

"Ulikuwa unanipima mimi," akasema.

"Bei haikuwa inaingia akilini, wifi. Na yule dereva, anasema mafuta tu. Nikaona mtakuwa mnavusha magendo."

"Magendo!" Wifi akataka kucheka, kicheko kikakataa. "Anko Taratibu hawezi kuvusha hata mtoto barabara bila kuangalia mara nne. Anataka kunioa, we mwanamke. Ndiyo magendo yenyewe. Na mwenye gesti ni dada yake, ndiyo maana ya ile bei."

Hapo sasa. Lile wazo la mlango wa nyuma lilikuwa limeingia na kukaa sebuleni. Eksirei akavuta taulo lililokwisha kukunjwa, akalikunja upya.

"Kwa hiyo nilikuwa naletwa kuagwa," akasema. "Nizungushwe, nionyeshwe popo, halafu nafasi yangu apewe wifi mpya."

"Nilikuwa nakuleta umkague!" Sasa wifi alipandisha sauti. "Siku tatu ndani ya gari moja na macho yako hayo. Uone anavyokula, anavyosema na watu wa chini yake, anavyofanya gari likizima. Mimi najijua, nikipenda sioni. Nikasema wifi yangu ndiye atakayeona. Akimkataa yeye, namkataa na mimi. Sikukuambia mapema kwa sababu ungemjia umeshamhukumu." Akaishusha sauti tena. "Yeye ndiye nilitaka akaguliwe. Mimi nilidhani nilishakaguliwa nikapita, miaka mingi iliyopita."

Maneno hayo yalimwingia Eksirei kifuani yakakaa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kujificha chini ya meza.

Simu ikaita mara ya tatu. Safari hii akaipokea mwenyewe, bila kubana pua.

"Nyinyi ni akina nani?" ile sauti ikawaka. "Namba mbili, anapokea mtu mmoja. Mnanichezea? Mimi si mtoto!"

"Hakuna mwalimu," Eksirei akasema. "Wala hakuna harusi. Ni mimi peke yangu, na vyumba vyote vinne nilishika mimi. Nisamehe mama. Mimi ni wifi wa msusi."

"Msusi yupi? Huyu wa ndugu yangu?"

"Huyo huyo."

"Alaa." Sauti ikashuka, ikawa ya kunong'ona, ingawa ile spika haikujua kunong'ona na wifi alisikia kila kitu. "Basi afadhali nimekupata wewe pembeni. Hebu niambie kweli, watu wazima sisi. Ndugu yangu alifiwa na mke, na ni mtu wa kuamini kila anachoambiwa. Sasa kila siku ananipigia. Mara nishushe bei, mara nimuulizie boti, mara nimwombee kiingilio cha mnara wa taa. Mwanamke hamfikishi mtu hapo hivi hivi. Huyo msusi ana lake jambo. Anataka nini kwake?"

Eksirei akafunga macho. Kila neno alilijua, alikuwa amelitumia mwenyewe. Na ajabu, hasira zikampanda, tena za kweli.

"Sikiliza mama," akasema. "Kazi yangu ni kukagua watu. Nakagua mfuko, nakagua soksi, nimelikagua hata hilo gari la ndugu yako chini ya viti, muulize. Huyu wifi nimemkagua kuliko wote. Kaka yangu alipougua, sote tulikuja kutazama, yeye akabaki kumwogesha. Alipofariki nilingoja nione atachukua nini. Alichukua shati moja, na lilikuwa limechanika. Kisha akaendelea kunisuka kila Jumapili, na hakuna aliyemlazimisha. Nimemtafutia kosa mpaka juzi, mpaka leo asubuhi. Sijalipata. Kama ndugu yako amempata huyo, mwambie amshike kwa mikono miwili."

Halafu ile sauti ikauliza, laini kidogo, "Kwa hiyo niwawekee vyumba vingapi?"

"Viwili. Mimi na yeye kimoja. Huyo bwana peke yake, mwisho wa korido."

"Kwa bei ileile," mwenye gesti akasema, akakata.

Eksirei aliiweka simu chini na ndipo akaelewa alichofanya. Hakuna aliyemnyang'anya wifi. Alikuwa amemtoa mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya shahidi. Hakuthubutu kuinua macho. Alisikia kiti kikiburutwa, kisha akahisi mikono ya wifi kichwani, inapapasa msuko uliofumuka karibu na sikio.

"Umeniozesha, wifi," wifi akasema nyuma yake.

Eksirei akaitikia kwa kichwa, akateremka kwenye kiti na kukaa sakafuni ili asukwe vizuri.